Unatumia steroidi zaidi ya moja kwa ugonjwa wa utumbo? Jumlisha kwanza

Ukiwa na ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, au kolaitisi ya vidonda, ule unaoshambulia utumbo mpana na kuleta choo chenye damu na kamasi, kuna siku utajikuta na steroidi mbili mkononi, yaani dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga ya mwili. Hospitali ya mkoa imekuandikia prednisoloni. Bingwa uliyemfuata mjini ameandika budesonidi. Nyumbani kuna dawa ya pumu ya kuvuta, na fundi wa viungo alikuchoma sindano ya goti mwezi uliopita. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, ila hakuna aliyejumlisha.

Mimi ni mfamasia, na katika yote ninayoyaona dirishani hili ni miongoni mwa yanayonitia hofu zaidi, kwa sababu mara nyingi mgonjwa hajui kabisa kwamba nusu ya dawa zake ni za ukoo mmoja. Maelezo haya hayakupi ruhusa ya kujipangia dozi. Yanakusaidia kufika kwa daktari ukiwa na hesabu iliyokamilika, na kujua lipi ukifanya peke yako linaweza kukuua.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani

Chukua mfuko, zunguka nyumba nzima, tia ndani kila dawa unayotumia na kila uliyotumia miezi mitatu iliyopita. Vidonge, sindano ulizochomwa, matone ya macho, dawa ya kupuliza puani, ya kuvuta kifuani, ya kuingiza njia ya haja kubwa, na krimu za ngozi. Ndiyo, krimu pia. Mkorogo wa kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali sana, na mtu anayejipaka mwili mzima kila siku kwa miezi anaiingiza kwenye damu.

Halafu soma majina kwenye boksi. Steroidi nyingi zina miisho inayofanana: -sone, -solone, -olone, -onide. Prednisolone, dexamethasone, triamcinolone, budesonide. Clobetasol haifuati mtindo huo, kwa hiyo ikariri peke yake.

Mahali steroidi hujificha zaidi ni hapa: vidonge vya "kuleta hamu ya kula" au kunenepa, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni; sindano ya mzio au ya goti; na dawa za "asili" za maumivu ya viungo zinazofanya kazi haraka kupita kiasi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kukutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Dawa yoyote ya mitishamba inayokuondolea maumivu ya miaka ndani ya siku mbili, iweke mezani pamoja na nyingine.

Mesalazini, salfasalazini na azathioprini si steroidi. Zitenge, lakini usiache kuzitumia.

Hatua ya 2: Geuza zote ziwe kipimo kimoja

Ukijumlisha miligramu za dawa tofauti bila kuzigeuza utadanganyika. Tumia prednisoloni kama rula. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu sawa na:

- prednisoni miligramu 5
- methilprednisoloni miligramu 4
- haidrokotisoni miligramu 20
- deksamethasoni miligramu 0.75

Angalia mstari wa kwanza kwa makini. Prednisoni na prednisoloni ni kitu kimoja kwa maana ya dozi. Ini huigeuza ya kwanza kuwa ya pili. Mgonjwa aliyepewa prednisoni hospitali moja na prednisoloni hospitali nyingine, akameza zote akidhani ni dawa mbili, ametumia dozi maradufu.

Kuna dada alifika na bahasha ya prednisoloni za miligramu 5 iliyoandikwa kwa kalamu "4 x 1", yaani vidonge vinne mara moja kwa siku, miligramu 20. Kwenye mkoba alikuwa na deksamethasoni za miligramu 0.5, moja mara tatu kwa siku, alizonunua duka la mtaani kwa sababu hali chakula. Ukizigeuza, zile ndogo tatu ni sawa na miligramu 10 za prednisoloni. Kwa hiyo alikuwa kwenye 30, wakati daktari wake alikuwa anapanga ratiba ya mtu aliye kwenye 20. Juu ya hapo kaka yake aliyeko Muscat alikuwa amemtumia budesonidi, na alikuwa ameanza kuimeza siku nne kabla. Uso ulikuwa umevimba, hapati usingizi, na alichokuja kuniuliza ni kama anaweza kuziacha zote siku ile ile.

Tulimpigia daktari wake pale pale. Deksamethasoni iliingizwa kwenye hesabu ya kupunguza taratibu, haikukatwa ghafla. Budesonidi iliwekwa kando. Hilo la pili lina sababu yake, na ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tenga muungano uliopangwa na ule wa bahati mbaya

Budesonidi ya kumeza ni steroidi yenye tabia ya pekee. Inafanya kazi ndani ya utumbo, kisha karibu asilimia 90 ya ile inayofyonzwa huvunjwavunjwa na ini kabla ya kusambaa mwilini. Ndiyo maana madhara yake huwa madogo kuliko ya prednisoloni. Dozi ya kawaida kwa Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana ni miligramu 9 kwa siku, kwa takribani wiki nane. Nguvu yake haigeuzwi kwa ile rula ya hapo juu, na kwa mtu mwenye ini lililosinyaa faida hiyo hupungua sana kwa sababu ini halimudu tena kazi ya kuivunja.

Sasa, je, inafaa kuiongeza juu ya prednisoloni miligramu 40? Kwa kawaida hapana. Zote hugonga mlango mmoja kwenye seli, na ukiwa tayari kwenye dozi kubwa ya prednisoloni, budesonidi ya kumeza haikuongezei tiba ya maana, inakuongezea mzigo. Ikiwa prednisoloni 40 haijakutuliza baada ya wiki mbili, tatizo halitatuliwi na steroidi ya pili. Linahitaji kipimo kipya au dawa ya aina nyingine.

Lakini zipo hali ambazo daktari huandika mbili kwa makusudi:

Ya kwanza ni kuhama. Mgonjwa anatolewa kwenye prednisoloni na kuwekwa kwenye budesonidi, na kwa muda zinapishana: budesonidi imeanza, prednisoloni inashuka kidogo kidogo. Kupishana huko ni lazima, kwa kuwa budesonidi inayofika kwenye damu ni kidogo mno kuziba pengo ukiikata prednisoloni kwa siku moja.

Ya pili ni kidonge pamoja na dawa ya njia ya haja kubwa. Ugonjwa ukiwa umekaa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, povu au maji ya steroidi hufika pale ambapo kidonge hakifiki vizuri. Hii ni njia ya kawaida, ila sehemu yake hufyonzwa, hivyo na yenyewe iandikwe.

Ya tatu ni pumu. Usiache dawa ya kuvuta kwa sababu umeanza prednisoloni. Dozi yake ni ndogo na kazi yake ni kifua. Mpe daktari wa utumbo jina lake tu.

Wodini, mgonjwa anapochomwa haidrokotisoni kwenye mshipa, kwa kawaida miligramu 100 mara nne kwa siku, vidonge vya prednisoloni husimamishwa kwa muda. Ndugu wanaoleta dawa za nyumbani na kumpa mgonjwa kimyakimya kitandani, tafadhali mkabidhini muuguzi.

Kipimo rahisi cha kujua uko wapi: muulize daktari, "Hizi mbili zinapishana mpaka tarehe ngapi?" Kama muungano ulipangwa, tarehe ipo.

Hatua ya 4: Tafuta dawa zinazoipandisha steroidi bila wewe kujua

Unaweza kuwa na steroidi moja tu na bado ukapata madhara ya mbili. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili za virusi vya UKIMWI, huzuia ini lisiivunje budesonidi, ya kumeza na hata ya kuvuta. Sehemu kubwa ya ile asilimia 90 inaponyoka na kuingia kwenye damu. Ketokonazoli na itrakonazoli za fangasi, na antibiotiki ya klarithromaisini, hufanya vivyo hivyo. Balungi nalo, tunda na juisi yake, liache kabisa ukiwa kwenye budesonidi.

Rifampisini ya kifua kikuu ni kinyume chake: huishusha prednisoloni kwa kiasi kikubwa, na mgonjwa huonekana kama dawa imegoma. Wasimamizi wote wawili, wa kliniki ya TB au ya CTC (kliniki ya virusi vya UKIMWI) na wa utumbo, wawe na orodha moja ile ile.

Na diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo? Hapana. Pamoja na steroidi hupandisha hatari ya vidonda na kutokwa damu tumboni, na zenyewe zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo. Parasetamoli inatosha kwa mengi.

Hatua ya 5: Kabla dozi haijapandishwa, hakikisha ugonjwa ni wenyewe

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu huku kwetu ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Crohn na TB ya utumbo hufanana mno. Zote hupenda kona ile ile ya chini kulia ya tumbo, zote huleta maumivu, homa za jioni na kukonda. Hata kwa kamera na kinyama kilichokatwa kwa uchunguzi, madaktari wazoefu hubishana. Steroidi ikianzishwa kwa mtu mwenye TB, anaweza kupata nafuu ya siku chache kwa kuwa uvimbe umetulia, kisha TB ikasambaa. Kwa hiyo kabla ya kozi ya kwanza, na kabla ya kuongeza ya pili kwa sababu "haifanyi kazi", uliza kama picha ya kifua imepigwa na kama TB imetafutwa kwenye kile kinyama.

Amiba nayo huleta choo chenye damu kinachofanana na kolaitisi, na steroidi juu ya amiba inaweza kufanya utumbo utoboke. Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na maziwa mengine, kichocho cha tumbo ni mshukiwa wa kawaida. Vipimo vya choo kwa ajili ya hivi ni vya bei nafuu kuliko kozi moja ya steroidi iliyopotea njia.

Kisha kuna mnyoo mdogo aitwaye Strongyloides. Huingia kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga udongo mchafu peku, na tofauti na minyoo mingine unaweza kuishi na kuzaliana ndani ya mtu kwa miongo bila dalili kubwa. Mwili ukishushwa kinga kwa steroidi, huzaliana bila breki na kuvamia mapafu na damu. Kipimo kimoja cha choo huukosa mara nyingi. Kama umekulia shambani, mweleze daktari hivyo hivyo. Katika maeneo yenye mnyoo huu baadhi ya madaktari huamua kutoa ivamektini kabla ya kuanza steroidi ya muda mrefu. Homa ya ini aina ya B ipimwe pia, kwa sababu inaweza kuamka.

Hatua ya 6: Usiache ghafla, na hesabu vidonge kabla havijaisha

Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, kiasi kinacholingana na karibu miligramu 5 za prednisoloni kwa siku. Ukimeza dawa kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hulala. Ukikata ghafla, mwili hauna ya nje wala ya ndani: uchovu wa kupitiliza, kichefuchefu na kutapika, kizunguzungu ukisimama, presha kushuka, na mtu anaweza kuzimia na kufa. Aliyekuwa anatumia steroidi mbili, au mkorogo pamoja na vidonge, tezi zake zinaweza kuwa zimelala zaidi ya daktari anavyodhani. Ndiyo maana orodha ya hatua ya kwanza inahitajika hata siku ya kupunguza.

Ratiba inayotumika sana kwa utumbo huanzia miligramu 40 na kushuka 5 kila wiki: vidonge 8 wiki ya kwanza, 7 ya pili, 6, 5, mpaka 1 wiki ya nane. Vyote meza asubuhi kwa mkupuo baada ya kula kitu. Jioni vinanyima usingizi. Mwezi wa Ramadhani, muulize daktari kuhusu kuihamishia dozi kwenye daku. Lakini mwenye kuharisha damu asifunge bila kuzungumza naye kwanza.

Kozi hiyo yote ni vidonge 252 vya miligramu 5. Vihesabu siku unapovipokea. Nimeona mgonjwa aliyepewa vya wiki mbili akaambiwa arudi, nauli ikakosekana, na dozi ikakatika akiwa kwenye 30. Kama huna uhakika wa kurudi, sema dirishani, omba ratiba iandikwe kwenye daftari lako la kliniki, ili duka lolote lenye mfamasia liweze kuiendeleza.

Mjamzito naye asikimbilie kuacha. Prednisoloni hutumika katika ujauzito, na ugonjwa ulioachwa uwake ni hatari kwa mama na mtoto.

Homa kali, malaria, upasuaji au jino la kung'olewa huufanya mwili uhitaji steroidi zaidi. Kwa kawaida aliye chini ya miligramu 10 hupandishwa mpaka 10 kwa siku hizo, kisha hurudishwa alipokuwa. Aombe maelekezo hayo kwa maandishi mapema, akiwa mzima. Akitapika dawa hazikai, aende kituo cha afya. Sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 ndiyo inayohitajika, hata kama kipimo cha malaria kimetoka chanya na watu wote wanashughulika na malaria.

Hatua ya 7: Fuatilia madhara kwa vipimo

Presha na sukari vipimwe mwanzoni na kila hudhurio. Sukari inayopandishwa na prednisoloni ya asubuhi hujionyesha mchana na jioni, hivyo kipimo cha alfajiri kabla ya kula kinaweza kuonekana kizuri na kikudanganye. Kwa mifupa, daktari huandika kalsiamu na vitamini D. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni msaada mzuri, tumbo likikubali. Macho yakiwa na ukungu, yapimwe.

Kichwa pia. Hasira za ghafla, kulia bila sababu, kukosa usingizi siku tatu mfululizo au kuanza kusikia sauti ni madhara ya dawa, hutokea zaidi dozi inapokuwa kubwa, na familia isiyaite pepo wala tabia mbaya. Mpeleke kwa daktari huku ukiendelea kumpa dawa.

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai. Aliye kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki mbili na kuendelea hapaswi kuchanjwa. Kama una safari, hilo lijulikane kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya 8: Uliza njia ya kutoka

Steroidi huzima moto, hazilindi nyumba. Ukihitaji kozi mbili au zaidi ndani ya mwaka, ukishindwa kushuka chini ya miligramu 10 za prednisoloni au 3 za budesonidi ndani ya miezi mitatu, au ugonjwa ukirudi kabla miezi mitatu haijapita tangu uache, basi mpango wa tiba umefikia mwisho wake na kuongeza steroidi ya pili ni kuahirisha tatizo. Sema wazi kliniki: "Daktari, hii ni mara ya tatu mwaka huu. Kuna dawa gani ya kunishikilia?" Mazungumzo yaende kwenye azathioprini, mesalazini kwa kolaitisi, dawa za kibayolojia pale zinapopatikana, au upasuaji. Azathioprini huchukua miezi miwili hadi mitatu kuanza kufanya kazi, kwa hiyo kupishana kwake na steroidi ni jambo la kawaida. Inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara. Usiikubali bila hivyo.

Wakati wa kwenda hospitali usiku huo huo

Kigezo kinachotumika hadi leo kiliwekwa na madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, mwaka 1955, walipojaribu kotisoni kwa wagonjwa wa kolaitisi. Choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na lolote kati ya haya: mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, joto zaidi ya 37.8, au kiwango cha damu (hemoglobini) chini ya gramu 10.5 kwa desilita. Mapigo unaweza kuyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, ukiwa umekaa. Tumbo likivimba na kuwa gumu, usisubiri kigezo chochote. Na kumbuka steroidi hufunika homa na maumivu. Utumbo unaweza kutoboka mgonjwa akasema anaumwa kidogo tu.

Atakayekusindikiza aseme maneno haya mapokezini, kabla hata ya kuulizwa: "Huyu anatumia steroidi, jumla ni miligramu kadhaa za prednisoloni kwa siku, tangu tarehe fulani, na hajaziacha." Jaza namba na tarehe leo, kwenye karatasi iliyobanwa ndani ya jalada la daftari la kliniki. Chini yake andika dawa nyingine zote na simu ya kliniki yako, na kila dozi inapobadilika ifute ya zamani uandike mpya.